Farasi 425 Juu ya Theluji

Asubuhi moja ya Novemba, Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, tulikuwa watu wanne tukisukuma BMW M3. Theluji iliyolala chini haikufika kifundo cha mguu. Njia ya kutokea maegesho ilipanda kidogo tu, mwinuko ambao wakati wa joto hakuna aliyewahi kuuona. Mwenye gari, kijana wa kwetu aliyelinunua mwezi wa Juni, alikanyaga mafuta kwa upole kabisa, lakini kila alipogusa tu, magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale yakasugua theluji mpaka ikang'aa kama kioo. Pembeni yetu ikapita Corolla ya mama mmoja muuguzi aliyekuwa akiwahi zamu. Ilipanda taratibu, ikaingia barabarani, ikaenda zake.

"Kaka, au wameniuzia gari bovu?"

Nilichuchumaa nikabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. Lilikuwa gumu kama ukwato. Gari lilikuwa zima kabisa. Matairi ndiyo hayakuwa ya majira yale.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi na ndugu wa Minnesota, wa Ohio, hata wa Kanada: ninunue tairi la kampuni gani? Ni swali la haki, ila linaulizwa mapema mno. Kabla ya jina la kampuni yapo mambo yanayoamua kama gari litasimama au litapitiliza, na kwa saluni yenye nguvu kama ile M3 mambo hayo ni mazito kuliko kwa Corolla ya yule muuguzi. Gari la namna hii lina vitu vitatu ambavyo kiangazi ni sifa na kwenye theluji ni mzigo: matairi mapana, mashavu ya tairi mafupi, na injini inayotoa msokoto mwingi kabla mguu haujatulia.

Tuanze na mpira wenyewe. Kila mchanganyiko wa mpira una kiwango chake cha baridi ambapo huanza kukakamaa na kupoteza ule ulaini unaoufanya ushike lami. Tairi la kiangazi la magari ya kasi limepikwa kwa ajili ya joto. Hushika vizuri zaidi lami ikiwa moto na gari limeshakimbia. Mafundi na watengenezaji hutaja nyuzi 7 za Selsiasi kuwa mpaka; chini ya hapo tairi la kiangazi huanza kushindwa, na baridi ikizidi sana mpira wake unaweza kupasuka kwa sababu tu gari limesogezwa. Watengenezaji wenyewe hutoa onyo hilo kwa maandishi. Sasa pima: Minneapolis mwezi wa Januari, wastani wa joto la mchana ni kama nyuzi 5 chini ya sifuri, na usiku kama 13 chini ya sifuri. Kwa hiyo hata siku ambayo lami ni kavu na jua linawaka, tairi la kiangazi halifanyi kazi iliyokusudiwa, na hali huwa hivyo tangu Novemba hadi Machi, mwaka mwingine hadi Aprili.

Tairi la baridi hupikwa kinyume chake, libaki laini hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini ulaini peke yake hautoshi. Litazame kwa karibu. Juu ya kila kashata, yaani yale matofali ya mpira yanayokanyaga barabara, utaona mikato myembamba iliyopindapinda, imepangwa kama chale. Kunja kashata kwa kidole, chale zinafunguka. Barabarani kila chale ni ukingo unaouma theluji. Kazi yake nyingine ni kuibana theluji ndani na kuishikilia, kwa sababu theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira. Ndiyo maana watoto hufinyanga tonge la theluji likakaa. Mtu aliyejifunza kuendesha kwenye matope ya masika hushangaa hapa. Kwenye matope tunataka tairi lijisafishe, lirushe udongo nje. Kwenye theluji, tairi lililobeba theluji katika mifereji yake ndilo linalofanya kazi.

Barafu ni habari nyingine. Huwa hatari zaidi karibu na nyuzi sifuri kuliko kwenye baridi kali, kwa sababu juu yake hutanda maji membamba, na maji hayo ndiyo yanayoserereza. Mwaka 1988 kampuni ya Bridgestone ilitoa Blizzak, tairi ambalo mpira wake una vitundu vidogo mno vya kuyaondoa maji hayo chini ya kashata. Tairi hilo lilikuwa na sababu ya kuzaliwa Japani. Miji ya kaskazini mwa nchi hiyo ilikuwa ikivuta vumbi la lami iliyochimbwa na matairi ya misumari, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyazuia. Wafini walikuwa wameanza mapema zaidi: kiwanda ambacho leo kinaitwa Nokian kilitoa tairi la theluji la malori mwaka 1934, na Hakkapeliitta la magari madogo mwaka 1936. Minnesota nayo imemkataza mwenye gari wa kawaida misumari, kwa hiyo mjadala wetu ni wa matairi yasiyo nayo.

Matairi hayo yana koo mbili, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kutojua. Ukoo wa kwanza ni wa kaskazini, matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya baridi kali na barabara ambazo theluji na barafu hukaa juu yake kwa wiki nyingi: Hakkapeliitta R5 la Nokian, X-Ice Snow la Michelin, Blizzak WS90, VikingContact 7 la Continental. Mpira wake ni laini sana, chale ni nyingi, na kasi iliyoruhusiwa ni ya wastani. Ukoo wa pili ni wa Ulaya ya kati, uliokusudiwa mtu anayetoka Munich kwenye mvua ya nyuzi 3, anaingia barabara kuu kwa kasi, anapanda milima ya Alpi kwenye theluji, kisha anarudi: Pilot Alpin 5 la Michelin, Sottozero la Pirelli, WinterContact TS 860 S la Continental. Haya ni magumu zaidi, huitikia usukani vizuri zaidi kwenye lami, hutoa maji haraka zaidi, na kwenye barafu hayafikii ndugu zake wa kaskazini.

Wenye magari ya nguvu karibu wote hukimbilia ukoo wa pili, na sababu yao ni herufi. Ubavuni mwa tairi, baada ya kipimo, kuna herufi ya kasi: R ni kilomita 170 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Mtu akiona gari lake linafika 250, anaona ni aibu kulivisha tairi la T. Lakini kasi ya juu inayoruhusiwa Minnesota, kwenye barabara kuu za mashambani, ni maili 70, yaani kama kilomita 113 kwa saa. Tairi la T limeshavuka hapo kwa mbali. Ujerumani, ambako zipo sehemu za barabara kuu zisizo na kikomo cha kasi, sheria yenyewe inaruhusu tairi la baridi lenye herufi ya chini kuliko kasi ya gari, mradi kibandiko cha kikomo hicho kiwekwe dereva akione. Kama Wajerumani wamekubali hivyo, sioni kwa nini mtu wa Minneapolis ailinde herufi ya W halafu ashindwe kusimama kwenye taa nyekundu.

Wapo ambao ukoo wa pili ni wao kwa haki. Anayeishi New Jersey, Maryland au kusini mwa Uingereza, ambako majira ya baridi ni mvua ya baridi zaidi kuliko theluji, na barabara husafishwa siku ileile, atafaidika zaidi na tairi la Ulaya ya kati. Tairi la kaskazini kwenye lami ya nyuzi 10 huhisi kama kutembea na ndala zilizolowa: unakata kona, kashata zinapinda kwanza, gari linafuata baadaye. Nawaelewa wanaolalamikia jambo hilo. Nawaomba tu wahesabu siku zao. Katika siku mia za baridi, ngapi ni za lami ya unyevu, ngapi ni za theluji iliyoshindiliwa, ngapi ni za barafu ya alfajiri? Minneapolis hupata theluji ya karibu sentimita 130 kwa mwaka, na baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi inayomwagwa barabarani hupungua nguvu ya kuyeyusha. Hapo barafu inakaa.

Sasa alama. Herufi M+S ubavuni mwa tairi maana yake ni matope na theluji, lakini mtengenezaji huziweka kwa kutazama umbo la kashata tu, bila jaribio lolote la theluji. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, iliyoanzishwa na vyama vya watengenezaji wa matairi vya Marekani na Kanada mwaka 1999. Ili kuipata, tairi hupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa kwa kulinganishwa na tairi la kipimo lililopewa alama 100, na kiwango cha awali cha kufaulu kilikuwa 110. Ujue jaribio hilo la Marekani linapima nini: jinsi tairi linavyovuta gari kwenda mbele. Halipimi breki wala kona, na barafu haimo kabisa. Kwa hiyo vilele vitatu ni mlango wa kuingilia. Matairi yaliyopita mlango huo hutofautiana sana. Umoja wa Ulaya umeongeza, tangu Mei 2021, alama nyingine ya kushika barafu katika lebo za matairi, na anayenunua Ulaya aitafute hiyo pia.

Muuzaji mmoja alikuwa amemwambia yule kijana wetu kwamba matairi ya majira yote yanatosha. Yapo mazuri siku hizi. CrossClimate la Michelin, lililoingia sokoni Ulaya mwaka 2015, lina ile alama ya vilele vitatu. Kwa gari dogo la nguvu za kawaida, na kwa mtu asiye na mahali pa kuhifadhi seti ya pili, ni chaguo la heshima. Kwa saluni ya farasi 425 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, katika jimbo la baridi namna hii, jibu langu ni hapana.

Nije kwenye ukubwa, kwa sababu hapa mwenye saluni ya nguvu ana nafasi ambayo wengi hawaijui. M3 ya miaka ya 2014 hadi 2018 ilitoka kiwandani ikiwa na rimu za inchi 18 au, kwa nyongeza ya bei, inchi 19. Ya kijana wetu ilikuwa na 19: mbele 255/35, nyuma 275/35. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa shavu kwa asilimia ya upana. Tupige hesabu ya mbele. Shavu ni asilimia 35 ya 255, yaani milimita 89. Mara mbili, ongeza rimu ya milimita 483, unapata kimo cha milimita 661. Sasa chukua kipimo cha inchi 18, 255/40. Shavu ni milimita 102, mara mbili, ongeza rimu ya 457: milimita 661 vilevile. Nyuma, 275/40 kwenye inchi 18 inakuja kama 677 badala ya 675. Gari halitambui tofauti. Kipimamwendo kinasema kweli, na kompyuta inayozuia kuserereka inasoma mizunguko ileile iliyoizoea. Lakini umepata milimita 13 za mpira na upepo kati ya rimu na barabara. Mwezi wa Machi, barafu inapoyeyuka na kuifumua lami, milimita hizo ndizo zinazotenganisha kishindo cha kawaida na rimu iliyopinda.

Shuka inchi moja, basi, kama gari linaruhusu. Linalozuia kushuka zaidi ni breki. Saluni hizi zina diski kubwa na kalipa nene zinazozibana, na rimu ndogo mno hugusa kalipa kabla haijazunguka. Wenye breki za kaboni na seramiki ndio hubanwa zaidi, maana diski zake ni kubwa kuliko za chuma. Kitabu cha gari, au kibandiko cha mlangoni, kitakuambia vipimo vilivyoidhinishwa. Fundi mwaminifu atajaribu rimu moja kwa mkono kabla ya kukuuzia nne.

Upana nao una neno lake. Tairi jembamba huchana theluji mpya na ule uji wa theluji iliyoyeyuka nusu, likakanyaga kilichoko chini. Tairi pana hupanda juu yake na kuelea. Kipimo kikiruhusu kupunguza upana, punguza. Tatizo ni kwamba magari kama M3 yana tairi la nyuma pana kuliko la mbele, na kipimo kama 275/40 si rahisi kukipata katika ukoo wa kaskazini. Ukikikosa, usilazimishe kipimo kisichoidhinishwa ili upate jina unalolitaka. Chukua la Ulaya ya kati lenye kipimo sahihi, magurudumu yote manne, na upunguze mwendo siku za barafu. Wenye magari ya kipimo kimoja mbele na nyuma, kama Audi S4, wana bahati: chaguo lao ni pana, na wanaweza kuhamisha matairi ya mbele nyuma yaishe sawasawa.

Nimetaja Audi, na najua kinachofuata: lile linasukumwa na magurudumu manne, kwa hiyo matairi si kitu. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote. Magurudumu manne yanayosukuma hukusaidia kuondoka. Hayana msaada wa kusimama, kwa sababu kila gari, liwe linasukumwa mbele, nyuma au kote, lina breki nne. Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu yenye msuguano wa 0.8, gari husimama ndani ya mita 12 hivi tangu breki ziume. Kwenye theluji iliyoshindiliwa msuguano hucheza kati ya 0.2 na 0.3. Ukipata 0.3 unasimama kwa mita 33. Ukipata 0.2, mita 49. Barafu ya 0.1 inakupeleka mita 98. Tofauti kati ya 0.2 na 0.3 kwenye karatasi unaweza kuidharau. Barabarani ni mita 16, zaidi ya saluni tatu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Na katika hesabu hiyo hakuna mahali pa kuweka nguvu za injini, wala idadi ya magurudumu yanayosukuma, wala uzito wa gari. Kilichomo ni mwendo na mpira.

Ndiyo maana vilevile hakuna kununua matairi mawili. Mwenye gari kama M3 hushawishika kuvisha nyuma tu, kwa kuwa ndiko linakosukumwa. Gari litaondoka vizuri, kisha akifika kwenye kona matairi ya mbele, yale magumu kama ukwato, yatakataa kugeuka, na mbele ndiko uzito unakohamia unapokanyaga breki. Akivisha mbele tu, mkia utamzunguka.

Quebec wamelimaliza jambo hili kwa sheria: tangu Desemba 1 hadi Machi 15 kila gari dogo liwe na matairi ya baridi. Uswidi, kati ya Desemba 1 na Machi 31, barabara zikiwa za theluji au barafu, huyadai, tena kashata isiwe chini ya milimita 3. Ujerumani haiweki tarehe, hutazama hali ya barabara, na tangu Oktoba 2024 inalikubali tu tairi lenye alama ya vilele vitatu. Minnesota haina sheria kama hizo. Hapa hakuna polisi atakayekusimamisha kukuuliza tairi lako ni la majira gani, kwa hiyo uamuzi ni wako, na mtu wa mbele yako kwenye foleni anautegemea.

Bei huwatisha watu, nami sitasema ni ndogo. Lakini seti moja inapovaliwa nyingine imelala, kwa hiyo kila moja hukaa miaka zaidi. Ukiweza, nunua matairi ya baridi yakiwa na rimu zake na vihisio vya upepo, ili kila Novemba na Aprili kazi iwe kufungua nati tu, pasipo kulivua tairi kwenye rimu. Ukinunua yaliyotumika, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 4221 ni wiki ya 42 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na tairi la baridi lililokakamaa kwa uzee halina faida iliyobaki. Kashata ikishuka chini ya milimita 4, chale nyingi zimekwisha. Litumie hadi masika, kisha liage. Na upepo uupime asubuhi nje, kabla gari halijatembea. Ukijaza ndani ya gereji kwenye nyuzi 15 na gari likalala nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, utaamka umepoteza karibu paundi 5 za upepo.

Kijana wetu alinunua seti ya inchi 18 ya Pilot Alpin, nne, kwa vipimo vile nilivyovitaja, maana la nyuma hatukulipata katika ukoo wa kaskazini. Wiki iliyofuata theluji ilianguka mara mbili ya ile ya kwanza. Alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi akiwa tayari kazini.

Kama uko kwenye nchi ya baridi kali na gari lako ni la namna hii, weka miadi na fundi mwezi wa Oktoba, kabla foleni hazijaanza. Akishafunga, endesha kilomita 80 hadi 100, kisha urudi nati zikazwe tena.